Laptopu ya Jubilei

Tangu wanatoka nyumbani Flemming alikuwa ameshaamua kwamba leo hasomi kitu mbele za watu. Ya kusoma atamwachia mkewe, yeye atasimama pembeni mikono mfukoni, kama wanavyosimama waume wengine madukani siku za Jumamosi. Vibeke hakuwa na habari na mpango huo. Walipofika tu kwenye meza ya laptopu alimvuta mkono wa koti na kumwonyesha vikaratasi vya bei.

"Hebu nisomee, miwani nimeiacha kwenye gari. Hii inasemaje, na hii inasemaje?"

Flemming aliinama. Maneno ya pembeni aliyapata, lakini pale katikati, pale hasa alipotaka kusoma, palikaa ukungu. Akahamisha jicho, na ukungu nao ukahama.

"Zote ni zilezile," alisema. "Zinatofautiana bei tu."

"Sasa si ndiyo hiyo bei ninayokuuliza?"

"Muite yule binti pale. Analipwa kwa kazi gani?"

Vibeke alimtazama kidogo, kisha akanyanyua mkono kumwita muuzaji.

Flemming alikuwa dereva wa basi la shule, lile linalozunguka vijijini magharibi ya mji wa Skive, Denmark, kuokota watoto mashambani asubuhi na kuwarudisha mchana. Leseni yake ilitakiwa kufanywa upya mwakani, na haifanywi upya bila cheti cha daktari. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kumchezea tangu kiangazi, na hakumwambia mtu. Alijiambia ni uchovu, ni kioo cha basi kichafu, ni miwani ya zamani. Alijua vizuri sana kwamba siku atakapolitamka jambo hilo kwa sauti, leseni imekwenda na basi limekwenda, na mwanamume wa umri wake asiyeendesha gari, kule kwao, hakuna wa kumpa kazi. Mshahara wa Vibeke ulikuwa umeshakatika. Miaka ya kuinua wazee kitandani na kuwaogesha majumbani mwao ilimharibu bega, halmashauri ikamwandikisha kwenye kozi ya kutunza hesabu za ofisi huko mjini Viborg, na kozi ilikuwa inaanza Jumatatu. Kila mwanafunzi aje na laptopu yake.

Pesa ya laptopu ilitoka kwa majirani. Flemming na Vibeke walikuwa wametimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na kama ilivyo ada kule kwao, watu wa barabara yao walikuja usiku kuwajengea tao la matawi ya msonobari mlangoni, na alfajiri wakasimama chini ya dirisha kuwaimbia mpaka wakafunguliwa wakanywa kahawa. Zawadi yao ilikuwa kadi ya kununulia vitu katika duka hili. Ilikuwa asubuhi nzuri, isipokuwa kwa jambo moja. Flemming alitoka nje na kanzu yake ya kuogea, akalitazama tao na kusema mbele ya wote kwamba limepinda. Aliyelijenga ni Egon, jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi seremala mstaafu. Watu walicheka. Egon hakucheka, alikwenda kwake akarudi na pimamaji, akaliweka juu ya tao, na kiputo cha ndani kikatulia katikati sawasawa. Flemming akasema pimamaji lenyewe bovu. Tangu siku ile Egon alimsalimia kwa kidevu tu.

Muuzaji alikuja, msichana mwenye kipini puani na jina lake limeandikwa kifuani, Sidsel.

"Karibuni. Mzee anatafuta kitu gani?"

"Mzee hatafuti kitu," Flemming alisema. "Anayetafuta ni mama."

*

Kwa pesa waliyokuwa nayo, Sidsel alisema, mtu akiwa mkweli kuna mbili tu za maana. Ya kwanza ilikuwa ndogo kiasi, nyeusi, ilishawahi kutumika kwenye ofisi fulani, ikasafishwa, ikawekwa betri mpya. Nyepesi, vitufe vyake imara, ina nguvu ya kutosha, na dukani wanaitolea dhamana. Ya pili ilikuwa mpya ndani ya boksi, kioo chake kipana, ina safu ya namba upande wa kulia, lakini nzito, na ukifungua vitu vingi kwa mpigo inaanza kusuasua.

"Ningekuwa mimi," Sidsel alisema, "ningechukua ndogo nisifikirie mara mbili."

Vibeke alikwisha kuinyanyua ile ndogo kwa mkono mmoja, ule wa bega bovu, na uso wake ulilegea kwa furaha. Aliishusha, akainyanyua tena.

"Flemming, hebu ishike. Kama sinia la keki."

Flemming hakuishika. Alikuwa anatazama kioo cha ile kubwa. Kwenye kioo kile, herufi zikikuzwa, mtu angeweza kusoma bila kuinama, bila kugeuza shingo kama kuku. Jioni angeweza kufungua barua za serikali mwenyewe, zile ambazo siku hizi zinaletwa kwenye kompyuta tu, na Vibeke asingejiuliza kwa nini mumewe kila siku anamwomba amsomee. Kwa kioo kile angeweza kujificha mwaka mzima.

"Hiyo ni mtumba," alisema.

"Imekarabatiwa," alisema Sidsel.

"Mtumba ni mtumba, hata ukiupiga pasi. Tumepewa zawadi na barabara nzima, halafu turudi na kitu alichotupa mtu mwingine? Wakiuliza tutawaambia nini?"

"Tutawaambia ni nyepesi," Vibeke alisema. "Wanalijua bega langu."

"Na namba? Unakwenda kusoma hesabu. Hii ina vitufe vya namba peke yake, hiyo haina. Utakuwa unatafuta sifuri darasa zima linakusubiri."

"Nitazoea."

"Utazoea wewe? Simu tu inakushinda. Juzi umempigia daktari wa meno ukidhani unampigia dada yako, mkaongea mpaka mwisho."

Alitaka iwe utani, ila haikutoka hivyo. Vibeke alikuwa mwekundu kwa haya mpaka shingoni. Mama mmoja aliyekuwa anachagua nyaya upande wa pili aliacha kuchagua, na Sidsel akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Flemming aliona aibu papo hapo. Angeweza kusema samahani, na neno lilikuwa mdomoni, lakini akilisema ingebidi aseme na lililo nyuma yake.

"Mimi ndiye nitakayeibeba," Vibeke alisema taratibu. "Kutoka nyumbani mpaka treni, na kutoka treni mpaka darasani, na kurudi. Wewe hutakuwepo."

"Basi bebeni ugomvi wenu taratibu," Sidsel alisema huku akicheka kidogo kuwaokoa. "Tufanye hivi. Mama anakwenda kusoma hesabu, siyo? Nawafungulia jedwali moja la hesabu kwenye zote mbili. Mtaona wenyewe macho yanapenda ipi."

*

Jedwali lilitokea kwenye vioo vyote viwili, mistari ya kulala na ya kusimama, visanduku vitupu tele. Vibeke aliandika jina lake kwenye kimoja na kulifuta. Flemming aliinama juu ya ile ndogo, na moyo wake ukaruka kwa furaha, kwa sababu hatimaye alikuwa amepata sababu ya kweli.

"Hamuoni?" alisema. "Mistari imepinda. Hapa katikati imebonyea, kama waya wa uzio ng'ombe akiuegemea. Kioo kibovu hiki. Nilisema mimi."

Sidsel aliinama, akatazama, akainama zaidi.

"Wapi, mzee?"

"Hapo hapo mbele yako, binti. Wewe una macho ya miaka ishirini."

"Mimi naona imenyooka."

"Basi unauza ili mradi uuze."

Sidsel aliichukua ile kadi ya zawadi Flemming aliyoiweka mezani, kadi ngumu yenye kingo zilizonyooka, na kuilaza kwenye kioo sambamba na mstari mmoja. "Tazama," alisema kwa upole. "Ukingo wa kadi na mstari. Vinafuatana mwanzo mpaka mwisho."

Flemming alitazama. Vilifuatana kweli. Mstari ulibonyea katikati, na kadi nayo, kadi ya plastiki ngumu aliyoileta mwenyewe mfukoni mwake, ilibonyea pamoja nao.

Alipoinua uso aliona kwamba Vibeke hatazami kioo wala kadi. Alikuwa anamtazama yeye, kwa utulivu ambao hakuwahi kuuona nyumbani, ule ambao huenda ndio aliokuwa akiingia nao kwenye vyumba vya wagonjwa.

"Na ile kubwa?" Vibeke aliuliza. "Mistari yake ikoje?"

Flemming aligeuka akaitazama ile kubwa. Ilibonyea vilevile, mahali palepale.

"Ile imenyooka," alisema.

"Imenyooka yote?"

"Yote."

Vibeke aliipapasa ile ndogo mgongoni mara moja, kama mtu anayeaga mnyama wa mwenzake, kisha akamgeukia Sidsel.

"Tupe kubwa."

"Una hakika, mama? Kwa bega hilo?"

"Tupe kubwa, mwanangu."

Kwa hiyo Flemming alishinda. Alilibeba boksi mpaka mlangoni, na lilikuwa zito kweli.

*

Kwenye maegesho Vibeke alisimama upande wa dereva na kunyoosha mkono.

"Nipe funguo."

"Za nini? Bega lako linauma."

"Bega langu linaona."

Flemming alibaki amesimama na boksi kifuani. Mtu mmoja aliyetaka nafasi yao ya kuegesha alikuwa amewasha taa ya pembeni anangoja. Miaka yote ya ndoa yao, wakiwa pamoja, mwenye kuendesha alikuwa Flemming, awe amechoka, awe na homa. Yule mtu alipiga honi fupi. Flemming akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo na kumkabidhi bila kumtazama.

Walikuwa wameshautoka mji ndipo Vibeke alipoanza kusema, macho barabarani.

"Unajua wale wazee wangu, wengi wao walikuwa na karatasi mlangoni mwa friji. Karatasi ya visanduku, yenye nukta katikati. Daktari wa macho anawapa. Kila asubuhi unafumba jicho moja unaitazama. Siku mistari ikipinda, unapiga simu."

"Mimi si mzee wako."

"Sikusema hivyo."

"Kile kioo kilikuwa na mwanga mbaya. Zile taa za dukani zinaumiza."

"Tangu lini, Flemming?"

"Tangu lini nini?"

Walipita mashamba ya mahindi yanayosubiri kukatwa, wakapita kituo cha basi cha njiapanda, kibanda cha mbao na benchi, na Flemming akageuza uso upande wa pili. Pale ndipo Jumatano asubuhi alipokaribia kumpita Alma, mjukuu wa Egon. Mtoto alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara na kizibao chake cha njano, na Flemming hakumwona mpaka aliposikia kofi la mkono mdogo likipiga ubavu wa basi linalotembea. Alifunga breki. Mtoto alipopanda, akitweta, Flemming alimgombeza mbele ya wenzake, kwamba asimame mahali anapoonekana, kwamba safari nyingine ataachwa. Mtoto akasema samahani. Alisema samahani, akaenda kukaa nyuma kabisa.

*

Tao bado lilikuwa mlangoni. Sindano za msonobari zilishaanza kugeuka rangi na kudondoka kwenye kizingiti, ila ile namba 25 ya rangi ya fedha iliyobandikwa juu yake ilikuwa imara. Vibeke aliweka mkoba wake chini, akamshika mumewe mabega na kumsimamisha njiani mbele ya mlango.

"Fumba jicho la kulia."

"Majirani wanaona, Vibeke."

"Waone. Fumba la kulia."

Alifumba. Tao lilisimama limenyooka kama siku Egon alipolipima, kila tawi mahali pake.

"Sasa la kushoto."

Alifumba la kushoto, akalitazama kwa lile la kulia peke yake. Juu ya mlango wa nyumba yake tao lililegea, likabonyea katikati, na ile namba ya rangi ya fedha ikayeyuka, ikawa doa la kijivu lisilo na kitu ndani. Akafumbua, akafumba, akarudia kama mtoto anayecheza. Halafu akaacha kurudia.

"Limenyooka," alisema.

"Limenyooka tangu mwanzo."

Flemming aliketi kwenye kizingiti, juu ya zile sindano zilizodondoka. Aliogopa, na aliogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa tangu atoke jeshini. Akasema kila kitu kwa mpigo. Alisema kuhusu kiangazi, ukungu, cheti cha daktari, mkopo wa nyumba, na Jumatano. Alipofika kwenye Jumatano, Vibeke aliziba mdomo kwa mkono.

"Yule bibi Karen wa kinu cha zamani," alisema baadaye, "alikuwa anachomwa sindano kwenye jicho kila baada ya muda. Alisoma gazeti mpaka siku anakufa. Wengine walichelewa kwenda. Jumatatu unakwenda hospitali, nami nitapiga simu ya dharura sasa hivi kuuliza kama tungoje mpaka Jumatatu."

"Na basi la shule?"

"Hilo unalijua mwenyewe."

*

Daktari wa zamu alisema kwenye simu wangoje Jumatatu, lakini ofisi ya mabasi haipokei simu mwisho wa wiki. Dereva asiyekuja kazini anatuma ujumbe kwa Gudrun, mpangaji wa zamu, na Gudrun anatafuta mtu mwingine. Simu ya Flemming ilikuwa na herufi ndogo mno. Kwa hiyo Vibeke aliifungua laptopu mpya juu ya meza ya jikoni, ikachukua muda wake kuamka, ikasuasua kama Sidsel alivyowaambia. Vibeke alizikuza herufi mpaka kioo kizima kikawa hakichukui zaidi ya maneno machache.

"Unafikiri niliichukua hii kwa ajili ya vitufe vya namba?" alisema.

"Na bega lako?"

"Begi la magurudumu la mama liko darini. Nitaliburuta." Akamsogezea kiti. "Andika."

Flemming aliandika kwa vidole viwili: *Gudrun, Jumatatu siji, naumwa mafua.*

Herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu angezisoma akiwa mlangoni. Vibeke alizisoma akiwa kwenye jiko, anamimina kahawa. Alileta vikombe viwili, akaketi mbele yake na kungoja.

Flemming alijua hesabu ilivyo. Mafua ni wiki moja. Baada ya wiki anaweza kurudi, akaendesha kwa jicho la kushoto, akageuza shingo kidogo, akawa mwangalifu njiapanda. Huenda sindano zingekuwa zimeshaanza kazi. Huenda hakuna ambaye angejua kamwe. Riziki yao ilikuwa pale, nyuma ya neno moja dogo, na alibaki amelitazama mpaka kahawa ikapoa.

Kisha akaanza kufuta, herufi moja moja, akaandika tena: *Gudrun, jicho langu la kulia ni bovu. Nisipangiwe basi tena.* Akamtazama mkewe. Vibeke aliitikia kwa kichwa, lakini hakuusogeza mkono wake, na Flemming akatuma mwenyewe.

*

Egon alikuwa uwanjani kwake anapanga kuni, na Alma anampokeza. Egon alipomwona Flemming kwenye uzio alimsalimia kwa kidevu.

"Vipi, mmenunua nini na pesa zetu?"

"Laptopu. Kubwa, nzito, ya polepole." Flemming alishika mti wa uzio. "Egon, lile tao lako limenyooka."

"Najua. Nililipima."

"Aliyepinda ni mimi. Jicho langu. Nimeshawaandikia ofisini, siendeshi tena." Akameza mate. "Na Jumatano pale njiapanda nilikaribia kumpita mjukuu wako. Sikumwona. Kisha nikamgombeza."

Egon aliuweka chini ukuni aliokuwa ameushika. Alimvuta mtoto, akamweka mbele yake, mikono yake yote miwili juu ya mabega yake madogo, na alimtazama Flemming kwa muda mrefu. Flemming alisimama pale pale akatazamwa. Alikuwa amejiandaa kwa lolote, isipokuwa swali la mtoto.

"Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pazuri?" Alma aliuliza.

"Pazuri kabisa," Flemming alisema. "Ulikuwa umesimama pazuri kabisa."